Majitaka ya shule ya bweni yanaingia kwenye bonde la mboga: tujenge bwawa la matete, au tuanzie wapi?

Katibu wa kamati ya maji, Lushoto

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninaandika kwa niaba ya kamati ya maji ya kijiji chetu kilichoko katika milima ya Usambara, kwa sababu jambo lenyewe limetufika shingoni na hatuwezi tena kuliahirisha.

Juu ya kijiji ipo shule ya sekondari ya bweni yenye wanafunzi 380, na chini yake kidogo ipo zahanati. Majitaka ya vyoo vya kuvuta maji, mabafu na jiko la shule huingia yote katika tangi moja la chini ya ardhi lenye urefu wa mita 6, upana wa mita 2.5 na kina cha mita 2, ambalo lilijengwa wakati wanafunzi hawajafika 150. Kutoka hapo maji huelekezwa kwenye shimo la kunyonyea, lakini kwa miaka miwili sasa shimo hilo halinyonyi. Yanafurika, yanashuka na mfereji wa barabara, yanavuka njia wanayopita watoto wa shule ya msingi, kisha yanaingia kwenye kijito. Bondeni huko ndiko tunakolima kabichi, karoti na nyanya, na kwa kuwa mboga hizo huuzwa Tanga na Dar es Salaam, shida hii si ya wanakijiji peke yao.

Wiki iliyopita nilishuka alfajiri kwenda kujionea mwenyewe. Mawe yaliyo chini ya mahali mfereji unapoingilia yamefunikwa utando wa kijivu unaoyumbayumba na maji kama sufi iliyolowa, na povu la sabuni limekwama kwenye mizizi. Hatua kumi tu chini yake, mama mmoja alikuwa akijaza keni ya kumwagilia miche ya kabichi. Nilipomwamkia na kumweleza hofu yangu, alinijibu kwa upole: «Mwanangu, maji ni haya haya. Ukininyima haya, utanipa yapi?» Sikuwa na jibu, na ndiyo maana ninaandika.

Mtaalamu mmoja aliyepita kijijini alitushauri tujenge bwawa la matete. Wengine wanataka mabwawa ya wazi kama ya mjini, na wapo wanaosema tuite gari la kunyonya majitaka tu, mambo yaishe. Dira ya maji ya shule inaonyesha wastani wa lita 18,000 kwa siku. Shule imekubali kutoa kipande cha ardhi kilichokwisha kusawazishwa, chenye mita 40 kwa 15, kilichoko chini ya majengo yake na mbali na kijito. Udongo wetu ni mwekundu wa mfinyanzi, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi ni kali. Je, bwawa la matete linafaa kwetu, na liwe na ukubwa gani?

Mhandisi wa mazingira, Dar es Salaam

Ndugu Katibu, pole kwa mzigo huo, na asante kwa kutuletea vipimo, maana wengi huomba ushauri bila kujua hata kiasi cha maji wanachokitumia.

Bwawa la matete linafaa, na mteremko wenu ni mtaji mkubwa kwa kuwa maji yatatembea yenyewe bila pampu wala umeme. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeyafanyia utafiti mabwawa ya aina hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo hamtakuwa mnajaribu jambo lisilojulikana nchini. Jina lake, hata hivyo, hupotosha, kwa sababu likijengwa sawasawa mtu haoni maji hata kidogo. Ni kitanda cha kokoto chenye kina cha sentimita 60, na maji hupita ndani ya kokoto hizo, sentimita 5 hivi chini ya uso wake, ndiyo maana mbu hawapati pa kuzalia na harufu ni ndogo. Kazi kubwa hufanywa na vijidudu vinavyojishikiza kwenye kokoto na mizizi na kuula uchafu ulioyeyuka. Matete huwapa vijidudu hao makao na oksijeni kidogo kupitia mizizi, hunyonya sehemu ya mbolea iliyomo majini, na huzuia uso wa kitanda usizibe.

Sasa tukokotoe. Katika lita 18,000 zinazotumika, takriban asilimia 80 hurudi kama majitaka, yaani karibu mita za ujazo 15 kwa siku. Uchafu wenyewe hupimwa kwa kipimo cha BOD, ambacho ni kiasi cha oksijeni kinachotumiwa na vijidudu kuumeng'enya kwa siku 5. Maji yanayotoka kwenye tangi linalofanya kazi vizuri katika shule kama yenu tuyakadirie kuwa na miligramu 300 kwa lita, ilhali kiwango cha juu kinachoruhusiwa na kanuni zetu za mwaka 2007 kwa maji yanayoachiwa kwenye mazingira ni miligramu 30. Lazima basi tuupunguze uchafu mara kumi. Kanuni inayotumika na wengi huzidisha kiasi cha maji ya siku kwa logi asilia ya uwiano huo, ambayo kwa mara kumi ni 2.3, kisha hugawanya kwa kigezo cha kasi ya usafishaji. Sehemu zenye joto ningetumia 0.15 mita kwa siku, na jibu lingekuwa mita za mraba 230. Kwenu ninapunguza kigezo hadi 0.1 kwa ajili ya miezi ya baridi, kwa kuwa vijidudu hupoa pamoja na maji, na jibu linakuwa mita za mraba 345.

Ushauri wangu ni vitanda viwili sambamba, kila kimoja mita 14 kwa 12, jumla mita za mraba 336, ambazo ni karibu na jibu hilo, vinavyoingia kwenye uwanja wenu na kubakiza nafasi. Kuwa na viwili kunagharimu ukuta mmoja zaidi, lakini siku kimoja kikihitaji kupumzishwa au kurekebishwa, shule haitalazimika kufunga vyoo. Kokoto ziwe za milimita 10 hadi 20, zilizooshwa vumbi lote, na sehemu za kuingilia na kutokea ziwe na mawe ya milimita 40 hadi 80 ili maji yasambae upana mzima. Mtahitaji kama mita za ujazo 200 za kokoto, yaani safari 29 za lori la mita za ujazo 7, na hapo ndipo fedha nyingi itakapokwenda. Maji yatakaa ndani kwa zaidi kidogo ya siku 5, kwa kuwa nafasi kati ya kokoto ni karibu asilimia 40 ya ujazo wote.

Bomba la kutolea lifungwe kiwiko kinachogeuka ili mweze kupandisha na kushusha usawa wa maji. Mkipanda vipande vya mizizi ya matete yenye chipukizi, vinne kwa kila mita ya mraba, pandisheni maji hadi karibu na uso, kisha muyashushe kidogo kidogo kadiri mizizi inavyoyafuata chini.

Mabwawa ya wazi nisiyapuuze, kwa maana huua vijidudu vya magonjwa kwa jua na huzamisha mayai ya minyoo vizuri sana. Huko Moshi maji ya mabwawa ya Mabogini humwagilia mpunga. Lakini yanataka eneo kubwa zaidi la tambarare, na mlimani tambarare ni dhahabu.

Kabla ya jembe la kwanza, ombeni kibali cha kutiririsha majitaka kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Pimeni pia umbali kutoka kijitoni, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kwenye kingo.

Fundi sanifu mstaafu, Iringa

Ndugu Katibu, hesabu za Mhandisi ni sahihi na sina la kuzipunguza. Nami ninaomba mzingatie upande mwingine, ambao mimi niliulipia gharama yake.

Nilishiriki kujenga kitanda cha matete katika shule moja ya bweni nyanda za juu, ambayo sitaitaja. Kwa miaka mitatu kilikuwa fahari yetu, wageni waliletwa kukiona, na maji yaliyotoka yalikuwa maangavu kiasi cha kuona sarafu chini ya ndoo. Mwaka wa nne maji yalianza kutembea juu ya kokoto, yakatuama, mbu wakaja, na watu wakasema matete yameshindwa na baridi. Tulifukua mita mbili za mwanzo kwa koleo. Kokoto zilikuwa zimegandana kwa uji mweusi kama lami, na ndani yake mlikuwa na mchanga mwingi, vipande vya magunzi, karatasi za madaftari na vitambaa. Matete hayakuwa na kosa lolote. Tangi la juu yake halikuwa limetolewa tope tangu siku lilipoanza kutumika, likajaa, na kila choo kilipovutwa maji, tope lilisukumwa moja kwa moja kwenye kokoto. Tuliziosha kokoto hizo kwa mikono na chekeche kwa wiki sita, na sitaki mtu mwingine aifanye kazi ile.

Mchanga ule ulinishangaza mpaka nilipokwenda kukaa jikoni asubuhi moja. Wapishi walikuwa wakisugua masufuria makubwa ya ugali kwa mchanga na majivu, kama tunavyofanya sote nyumbani, kisha wakasuuza karoni. Jengeni basi, kati ya jiko na tangi, chemba ndogo yenye sehemu mbili, ya kwanza ya kutuamisha mchanga na ya pili ya kunasa mafuta, na ifunguliwe kila Jumamosi bila kukosa. Wekeni pia ndoo zenye mfuniko kwenye vyoo vya wasichana, na mzungumze nao kupitia mwalimu wa kike, kwa sababu katazo lililobandikwa mlangoni halimpi msichana mahali pengine pa kutupia kitambaa chake.

Kabla ya kununua hata kokoto moja, pimeni tope la tangi mlilo nalo. Chukueni mti mrefu ulionyooka, uzungushieni taulo jeupe kuukuu na mlifunge kwa kamba, uteremsheni taratibu hadi ugonge sakafu, ungojeni dakika chache, kisha mwutoe wima. Sehemu iliyogusa tope itabaki nyeusi, na mtaipima kwa futi kamba. Tope na utando wa juu vikifika theluthi moja ya kina, anzeni maandalizi ya kulitoa, na visipite nusu. Mkilifungua tangi, mfuniko ukae wazi kwa muda mrefu, moto usisogezwe, na mtu yeyote asiingie ndani hata kama kilichoangukia humo ni cha thamani gani. Hewa ya humo huangusha mtu kwa pumzi chache, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake.

Kuhusu gari la kunyonya, ninaijua barabara ya Mombo hadi Lushoto na kona zake, na baada ya lami kuna njia ya udongo ambayo wakati wa masika gari zito halipandi. Kuita gari mara moja mtaweza, lakini kulitegemea kwa miaka yote ni kujidanganya. Tengeni sehemu ya uwanja huo kwa vitanda vya kukaushia tope, vyenye kokoto chini, mchanga juu, bomba la kurudisha maji yanayochujika kwenye tangi, na paa jepesi kwa ajili ya mvua. Tope likimwagwa kwa unene wa sentimita 20, mita 50 za mraba zitapokea mita za ujazo 10 kwa mkupuo mmoja.

La mwisho ni mtu. Ile shule yetu ilikuwa na mtunzaji hodari, akahamishiwa lindo la usiku na hakuna aliyechukua nafasi yake, kwa sababu katika daftari la mishahara hakukuwa na kazi yenye jina hilo. Kamati yenu, ikiwa imesajiliwa kama chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii chini ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, inaweza kuandikiana mkataba na shule ili sehemu ya ankara ya maji ya kila mwezi imlipe mtunzaji na kuweka akiba ya kutoa tope. Mkataba huo utiwe saini kabla ya ujenzi, wakati kila mmoja bado ana hamu.

Afisa afya ya mazingira, Morogoro

Ndugu Katibu, nimeguswa na swali la yule mama, na ninaona kwamba wakati ninyi mnatafuta fedha za kokoto, yeye ataendelea kumwagilia kila alfajiri. Ningependa tumjibu kwanza.

Mfanyeni ateke maji juu ya mahali mfereji unapoingilia, hata kwa bomba jepesi la plastiki linalotoka juu ya kijito hadi pipa lililoko shambani kwake. Vipande vya mashamba vilivyo karibu zaidi na mfereji vipandwe kwa muda majani ya tembo kwa ajili ya ng'ombe wa ndani, au mahindi, ambayo suke lake halimwagiwi na hupikwa. Anayelazimika kutumia maji hayo kwenye mboga ayapitishe kwenye vifereji vya shinani badala ya kuyanyunyiza juu ya majani, na aache kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna, kwa kuwa bakteria wengi hufa wakikaa juani juu ya jani kavu. Mayai ya minyoo ya tumboni, hasa yale ya minyoo mikubwa ya mviringo (askaris), hayafi upesi hivyo, nayo hujificha katika mikunjo ya kabichi ambako kusuuza hakuyafikii yote.

Hata bwawa litakapokamilika, msidhani kwamba maji maangavu ni maji salama. Kitanda cha kokoto hupunguza bakteria wa kinyesi kwa asilimia 90 hadi 99. Linasikika kuwa jambo kubwa, lakini majitaka yanayotoka kwenye tangi huwa na mamilioni ya bakteria hao katika kila mililita 100, kwa hiyo baada ya kuondoa asilimia 99 bado yanabaki makumi ya maelfu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1989, kwa mazao yanayoliwa mabichi liliweka kipimo kisichozidi bakteria 1,000 kwa mililita 100 na yai lisilozidi moja la minyoo kwa lita. Maji yenu, kwa maana hiyo, yaende kwenye majani ya ng'ombe, miti ya matunda na migomba, na yasiende kwenye karoti wala saladi.

Tope lililokaushwa nalo litawavutia wakulima, kwani ni mbolea nzuri. Katika hali ya hewa isiyozidi nyuzi 20, mwongozo wa mwaka 2006 wa shirika hilohilo unataka likae mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla ya kutumiwa, na kwenu ningesimamia miwili kamili. Rundo lifunikwe, liandikwe tarehe, na tope jipya lisiongezwe juu yake.

Zahanati isiunganishwe kwa haraka. Maji ya kunawia na ya vyoo yanaweza kuingia, lakini kondo la nyuma lina shimo lake, na maji yenye klorini nyingi ya kusafishia vifaa yakimwagwa kwa wingi yataua vijidudu vilevile mnavyovitegemea tangini.

Katibu wa kamati ya maji, Lushoto

Nawashukuru sana. Nilichapisha majibu yenu na kuyasoma mbele ya kamati, na Jumamosi iliyofuata tulifanya kama Fundi alivyoelekeza, tukiwa na mkuu wa shule na mti wa mkaratusi uliofungwa taulo.

Maji tangini yana kina cha mita 1.9. Taulo lilitoka likiwa jeusi kwa mita 1.35, na juu kuna utando mgumu wa sentimita 20. Kwa hesabu yetu, tope pekee ni mita za ujazo 20, na nafasi iliyobaki kwa maji ni kama 5 tu, wakati kila siku zinaingia 15, maana yake maji hupita humo kwa saa nane tu badala ya siku nzima. Mkuu wa shule alisimama kimya akilitazama lile taulo, kisha akasema kwamba kumbe shimo la kunyonyea halikufa, bali lilizibwa. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kufikiri hivyo, na kama tungejenga bwawa mwezi uliopita tungelizika kwa mikono yetu.

Tumekubaliana tutangulize vitanda vya kukaushia tope, mita za mraba 50 chini ya paa, na tope lote litolewe kwa mikupuo miwili kwa pampu ya mkono kabla ya mvua za vuli. Chemba ya mchanga na mafuta itajengwa jikoni likizo hii, na tangi la pili litafuata ili kubeba idadi ya sasa ya wanafunzi. Mkataba kati ya kamati na shule unaandikwa. Maombi ya kibali cha bodi ya bonde yameandaliwa, na kokoto zitasubiri bajeti ya mwaka ujao.

Yule mama amepata bomba. Tulilitandaza siku ileile, mita 90 kutoka juu ya kijito hadi pipa lililoko kwenye kona ya shamba lake, na majirani zake wawili wameomba waunganishwe.

Limebaki swali moja kwa Mhandisi na kwa Fundi. Tulichimba shimo la sentimita 30 katika uwanja wa vitanda vya matete, tukalijaza maji jioni ili udongo ulowe, na asubuhi tukalijaza tena na kupima. Maji yalishuka sentimita 2 tu kwa saa nzima. Je, mfinyanzi wa namna hii, ukishindiliwa vizuri kwa tabaka za unene wa sentimita 30, unatosha kuzuia maji yasipenye, au bado tununue turubai zito la plastiki? Chini ya uwanja huo, mita 70 hivi, kuna kisima kifupi kinachotumiwa na kaya sita.

Mhandisi wa mazingira, Dar es Salaam

Kisima hicho ndicho kinachoamua, Ndugu Katibu. Kushuka kwa sentimita 2 kwa saa ni polepole kwa shimo la kunyonyea, lakini kwa kitanda ambacho maji hukaa usiku na mchana ni kuvuja kwingi mno. Mfinyanzi ukilowanishwa kiasi na kushindiliwa tabaka baada ya tabaka utapunguza sana, ila hupasuka ukiachwa ukauke kabla kitanda hakijajazwa, na kwenye ardhi iliyojazwa ili kusawazisha mteremko huweza kutitia upande mmoja. Kwa kuwa kaya sita zinakunywa maji chini yake, nunueni turubai, lilazeni juu ya mfinyanzi ulioshindiliwa, na mtandaze mchanga laini juu yake kabla ya kokoto ili lisitobolewe. Likishatandazwa, jazeni maji matupu kwa siku tatu, wekeni alama ukutani, na mtuandikie yameshuka kiasi gani.